Mwenye Kitu na Ushahidi Wake

Wazee wetu walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wazee hao hao walisema: kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hizi mbili twazisoma shuleni kila moja peke yake, na kila moja twaikubali bila ubishi. Lakini zikiwekwa pamoja zaanza kugombana. Ya kwanza yatuambia tumwendee mwenye kitu tukamwulize, kwa sababu yeye ndiye aliyekilalia, na kunguni wake awajua kwa kuumwa. Ya pili yatuonya tujihadhari na mwenye kitu, kwa sababu ngoma ni yake, na ngozi hawezi kuivutia kwa jirani. Basi mtu mwenye fedha chache, atakaye kununua kitu asichokijua, amfuate nani? Akimwuliza asiye na kitu, atajibiwa na mjinga. Akimwuliza mwenye kitu, atajibiwa na mpenzi. Swali hili laonekana dogo, swali la sokoni tu. Nataka kuonyesha kuwa ni swali la adili, na kwamba mara nyingine uhai hutegemea jibu lake.

Ili kulipima swali hili nimechagua mfano ulio mbali nasi: bunduki ya kuwindia ya bei nafuu, ya chuma kisichoshika kutu, iuzwayo Marekani. Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na wengi wa wasomaji wa insha hii hawatamiliki bunduki maishani mwao. Nimeichagua kwa sababu hiyo hasa. Mtu akizungumza juu ya kitu anachokitamani, macho yake huingia ukungu. Juu ya kitu asichokitamani wala asichokichukia, huona vizuri zaidi. Tena iko sababu ya pili. Kijiko kibaya kikisifiwa, hasara ni mchuzi uliomwagika. Bunduki mbaya ikisifiwa, hasara yaweza kuwa damu. Huko Marekani mamilioni ya watu huwinda kila mwaka kwa leseni, wakiwamo wakulima na wafanyakazi wa kawaida watakao nyama ya kulungu kwa ajili ya jamaa zao. Kwa hiyo neno la mwenye bunduki kwa mnunuzi mwenziwe si porojo la kupitisha jioni.

Na tuitazame bunduki yenyewe. Kiwanda cha Savage kilianzishwa na Arthur Savage mwaka 1894 katika jimbo la New York, na baadaye kikahamia Massachusetts. Mwaka 2010 kilitoa bunduki ya bei nafuu iliyoitwa kwanza Edge, kisha ikaitwa Axis. Ni bunduki ya komeo. Baada ya kila risasi mwindaji hushika mkono wa komeo, akaunyanyua, akavuta nyuma ili ganda tupu litoke, akasukuma mbele ili risasi mpya iingie, akafunga tena, kama mtu afungavyo mlango wa ghala. Ubuni huu ni wa zamani. Mjerumani Paul Mauser aliufikisha mbali katika bunduki ya jeshi ya mwaka 1898, na bunduki nyingi za kuwindia za leo ni wajukuu wa ile.

Bunduki hii mpya haikufika dola 500 ilipotoka, na hali bunduki za fahari huuzwa kwa dola 1,000, dola 2,000 na zaidi. Unafuu huo haukuja kwa uchawi. Kitako chake ni cha plastiki iliyomiminwa katika kalibu, si cha mti uliochongwa na kung'arishwa. Mtutu wake hukazwa kwa nati kubwa, njia ambayo kiwanda hicho kiliitumia katika bunduki yake ya namba 110 tangu mwaka 1958. Nati hiyo humwezesha fundi kuuweka mtutu mahali pake kwa kipimo na kwa upesi. Mnunuzi akiongeza fedha kidogo, aweza kupata ile ambayo mtutu wake ni wa chuma kisichoshika kutu, ifaayo kwa mvua na theluji.

Walioinunua wamesema mengi, na maneno yao kwa jumla yafanana. Wameisifu kwa shabaha, wakistaajabu kwamba kitu cha bei ndogo chaweza kupeleka risasi karibu na pale kilipoelekezwa. Wamelalamika kwamba kitako chake ni chepesi na chanyumbuka. Wamelalamika kwamba kifyatulio cha toleo la kwanza, yaani ule ulimi mdogo uvutwao kwa kidole, kilikuwa kizito. Na kiwanda chenyewe baadaye kilitoa toleo la pili lenye kifyatulio kiwezacho kurekebishwa. Wamelalamika kwamba komeo hukwaruza liendapo. Kisha aghalabu humaliza kwa neno moja: kwa bei hii, nimeridhika. Neno hilo tutalirudia, maana ndilo lililobeba mzigo wote. Lakini kwanza na tuwape wenye kitu haki yao.

Yako mambo ambayo hayajulikani ila kwa kukaa na kitu. Chukua jina lenyewe, chuma kisichoshika kutu. Mnunuzi alisikiapo hudhani amepewa ahadi. Chuma hiki kilipatikana Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, na ajabu ni kwamba kilipatikana kwa ajili ya bunduki. Harry Brearley alikuwa na kazi ya kutafuta chuma ambacho kingestahimili moto wa baruti, kwa kuwa mitutu ilikuwa ikiliwa kwa ndani. Akachanganya chuma na kromiamu, karibu sehemu 13 katika 100, akaona kwamba mchanganyiko huo haukudhurika upesi kwa tindikali. Sababu yake ni kwamba kromiamu ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba mno, usioonekana kwa jicho, nao ndio uzuiao kutu. Sheffield ulikuwa mji wa visu; basi chuma kilichotafutwa kwa ajili ya mitutu kikapata sifa yake ya kwanza mezani.

Lakini utando ni utando. Chumvi huutoboa. Tena chuma kitumiwacho kwa mitutu mara nyingi hutiwa salfa kidogo ili kichongeke kwa urahisi, na salfa hiyo hupunguza kinga. Mwindaji akiiweka bunduki yake yenye unyevu ndani ya mfuko, akaisahau humo kwa majuma, asishangae akikuta madoa ya rangi ya udongo juu ya kile alichoambiwa hakishiki kutu. Yeye sasa ajua jambo ambalo jina halikumwambia: kwamba chuma chake chachelewa kushika kutu, wala hakikatai kabisa. Maarifa haya hayakutoka katika tangazo; yametoka katika kuishi na kitu. Hapa methali ya kitanda na kunguni yashinda, nasi hatuna budi kumheshimu shahidi wa namna hii.

Sasa na tugeuke upande wa pili. Mwaka 1957 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alichapisha kitabu juu ya taabu ya moyo impatayo mtu awapo na mawazo mawili yasiyopatana. Tumfikirie mtu aliyekwisha kununua. Wazo lake la kwanza ni kwamba yeye ni mwerevu. Wazo lake la pili ni kwamba kitu alichonunua kina kasoro. Mawazo hayo hayakai nyumba moja kwa amani. Mojawapo lazima litoke. Fedha zimekwisha kwenda wala hazirudi, na werevu wake hataki kuutilia shaka. Basi lililo rahisi ni kuifukuza kasoro. Mtu huyu si mwongo. Ajidanganya kwanza mwenyewe, kisha atuletea habari hiyo kwa moyo mweupe, na moyo wake mweupe ndio utufanyao tumwamini.

Wala mtu asidhani kwamba ugonjwa huu ni wa wanunuzi wa vitu vya bei ndogo peke yao. Mwenye bunduki ya dola 400 aweza kuisifu kupita kiasi, ili asionekane maskini. Mwenye bunduki ya dola 2,000 aweza kuidharau ile ya mwenziwe kupita kiasi, ili asionekane mpumbavu aliyetupa fedha. Mmoja autetea mfuko uliokuwa mwepesi, mwingine autetea mfuko uliokuwa mzito. Wote wawili waamba ngoma, nasi tusikiao mlio twadhani ni habari za bunduki, kumbe ni habari za mifuko.

Liko na kosa jingine, ambalo hata mtu mnyofu hulifanya. Wawindaji hupima shabaha ya bunduki kwa kupiga risasi tatu katika karatasi iliyo umbali wa yadi 100, yaani kama mita 91, kisha hupima jinsi matundu yalivyotawanyika. Matundu matatu yakiwa ndani ya inchi moja, mwenye bunduki hufurahi na kusema: bunduki yangu hupiga inchi moja. Huenda asema kweli, lakini ni kweli ya siku moja. Mtu akirusha dadu mara tatu, yaweza kutokea apate sita mara zote tatu. Hiyo haimaanishi kwamba dadu yake haina namba nyingine. Risasi tatu ni chache mno kwa hukumu. Tena mtu hupiga karatasi kumi kwa mwaka. Ile nzuri huitundika ukutani, na zile tisa huwashia moto. Mgeni akija huonyeshwa ukuta, haonyeshwi majivu.

Jambo hili ni la kale. Mwingereza Francis Bacon, katika kitabu chake cha mwaka 1620, alikumbusha kisa cha mtu aliyeonyeshwa hekaluni picha za watu walioweka nadhiri baharini wakaokoka. Wenyeji wake wakamtaka akiri uwezo wa miungu. Yeye akawauliza ziliko picha za wale walioweka nadhiri kisha wakazama. Hakuna aliyeweza kumwonyesha, maana aliyezama hachori picha. Ukuta wa mwindaji wetu ni mdogo kuliko ukuta wa hekalu, lakini umejengwa kwa desturi ile ile.

Basi je, tuseme kwamba ushahidi wa mwenye kitu haufai? Hapana. Tukisema hivyo tutakuwa tumeitupa methali ya kwanza kwa kuipenda ya pili, na dunia itabaki bila mtu wa kuulizwa. Linalotakiwa ni kujua wapi neno lake latosha na wapi halitoshi. Na hapa ndipo turudipo kwenye lile neno: kwa bei hii, nimeridhika.

Neno hili lina haki ndani yake. Mtu aliyelipa kidogo hana sababu ya kudai fahari. Lakini tulitazame tena. Sufuria yenye tundu haivuji kidogo kwa sababu ilinunuliwa kwa bei ndogo. Bei yaweza kumfariji mwenye sufuria. Haiwezi kuziba tundu. Basi mtu asemapo kwamba ameridhika kwa bei hii, kwa kweli atuambia kwamba iko kasoro, naye ameisamehe. Swali la adili ni hili: je, kasoro hiyo ilikuwa yake kuisamehe? Mtu aweza kusamehe deni analodai yeye. Hawezi kusamehe deni analodai mwenziwe. Kwa hiyo kasoro za kitu ni za namna mbili. Ziko zile ambazo mwenye kitu ndiye azilipaye kwa macho yake, kwa masikio yake na kwa mikono yake. Na ziko zile ambazo hulipwa na mwingine, ambaye hakuulizwa, wala hakunufaika na unafuu wa bei.

Tuzitazame kasoro za bunduki yetu kwa kipimo hiki. Kitako cha plastiki hakipendezi. Hiyo ni kazi ya macho ya mwenyewe, naye ana ruhusa ya kuridhika. Komeo lakwaruza, hiyo ni kazi ya masikio yake. Chuma chataka kufutwa mafuta ingawa jina lake lajivuna. Hiyo ni kazi ya mikono yake. Shabaha nayo ina kiasi chake. Mahali penye moyo na mapafu ya kulungu pana upana upatao inchi 8, yaani sentimita 20. Bunduki itawanyayo risasi zake ndani ya inchi mbili kwa yadi 100 yatosha sana kwa kazi hiyo kwa umbali wa kiasi. Atakaye inchi moja au nusu inchi atafuta sifa, wala si nyama. Wema wa kitu hupimwa kwa kazi yake, na kwa kazi hii bunduki ya bei ndogo haina haja ya kuona haya mbele ya bunduki ya fahari.

Lakini kifyatulio kizito ni jambo jingine. Kidole kikilazimika kuvuta kwa nguvu, mkono hutikisika, na mtutu huhama kidogo wakati ule ule risasi itokapo. Risasi iliyokusudiwa moyo yaingia tumboni au yavunja mguu. Mnyama hukimbia na jeraha lake, akafa polepole kichakani, pengine baada ya siku nyingi, na mwindaji asimwone tena. Nani aliyelipa kasoro ile? Si mwenye bunduki. Yeye amekosa nyama tu. Aliyelipa ni yule asiye na kinywa cha kutoa maoni. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Mwenye bunduki akisema kwamba kifyatulio ni kizito lakini kwa bei hii ameridhika, ameridhika kwa utamu wa mkuki uliomwingia mwingine.

Hata hivyo haki yataka tuseme na upande wa pili. Kasoro hiyo hiyo mtu aweza kuichukua juu yake mwenyewe akitaka. Fedha alizookoa kwa kununua bunduki nafuu azinunulie risasi za mazoezi. Aende uwanjani kabla ya msimu, apige karatasi mara mia, mpaka kidole chake kimezoea uzito ule na mkono wake hautikisiki tena. Ajiwekee mpaka: mnyama akiwa mbali kuliko anavyoweza, amwache aende. Mtu huyu ameilipa kasoro kwa jasho lake, na sasa ana haki ya kusema ameridhika. Mwingine mwenye bunduki ya dola 2,000, asiyefanya mazoezi kwa kuwa aamini bei imemfanyia kazi, ndiye hatari zaidi. Kwa hiyo neno moja, likitoka katika vinywa viwili, laweza kuwa kweli katika kimoja na dhambi katika kingine. Ndiyo maana haitoshi kusikia maoni. Yafaa kujua maisha ya msema maoni.

Iko kasoro ya tatu, iliyo nzito kuliko hizi. Bunduki ya Remington namba 700 ilitolewa mwaka 1962. Haikuwa ya bei ya chini kabisa, na kwa miaka mingi ilisifiwa na wawindaji wengi. Lakini baadhi ya watu walisema kwamba bunduki zao zilifyatuka pasipo kidole kugusa kifyatulio. Watu walijeruhiwa, wengine wakafa, na mashtaka yakafika mahakamani. Kampuni ilikana kwamba kulikuwa na kosa. Hata hivyo ilikubali mapatano ya kubadilisha vifyatulio bila malipo, na mwaka 2017 mahakama ya shirikisho huko Missouri ikayaidhinisha. Bunduki zilizohusika, za namba hiyo na za jamii yake, zilikadiriwa kuwa milioni 7.5.

Si kazi ya insha hii kuamua nani alikuwa na haki katika kesi zile. Nataka tutazame jambo moja tu. Lau ungaliwauliza wenye bunduki zile, karibu wote wangalikujibu: mimi nimeitumia miaka 20, wala jambo hilo halikunipata. Wote wangalisema kweli. Hapangalikuwa na mwongo hata mmoja, wala mwenye kujidanganya. Na bado kweli zao zote zikikusanywa hazingalimjibu mzazi aliyempoteza mwana. Maana halikunipata ni neno moja, na haliwezi kutokea ni neno jingine. Umbali kati yake ni mkubwa, ndani yake mtu aweza kufa. Hapa twafika mwisho wa uwezo wa ushahidi wa mwenye kitu. Hata akiwa mnyofu, hata akiwa amekilalia kitanda miaka 20, awajua kunguni wa kitanda chake tu.

Mtu ataweza kunipinga, aseme: wamdai mno mtu wa kawaida. Yeye hakuapa mahakamani. Aliulizwa tu na mwenziwe, naye akajibu kama watu wajibuvyo, kwa furaha ya kuzungumza juu ya mali yake. Je, kila mazungumzo yawe kesi? Pingamizi hili lina nguvu, wala silidharau. Maisha yangekuwa makavu kama kila mtu angepima maneno yake kwa mizani ya mfua dhahabu. Acha watu wasifu baiskeli zao, mbuzi wao na mapishi ya mama zao. Lakini iko tofauti kati ya neno lisemwalo ili kufurahisha na neno ambalo mwenzako ataliegemea. Anayekuuliza ili anunue, ataka fimbo ya kuvukia mto. Ukimpa fimbo, hukuapa. Lakini ukiijua ina ufa nawe ukanyamaza, maji yakamchukua, kutoapa kwako hakutakuosha. Kadiri mto ulivyo mkali, ndivyo wajibu wa kusema habari za ufa uongezekavyo. Ndiyo sababu twaweza kumsamehe msifu kijiko, tusimsamehe msifu bunduki.

Basi ni upi wajibu wa mwenye kitu anayeulizwa? Naona ni wa mambo manne. Aseme amekaa na kitu muda gani na amekitumia kwa kazi gani, ili mwulizaji ajue upana wa kitanda alichokilalia. Aonyeshe majivu pamoja na ukuta, yaani siku mbaya pamoja na siku nzuri. Atenge kasoro azilipazo mwenyewe na kasoro zilipwazo na wengine. Zile za kwanza azisamehe akipenda, zile za pili azitaje waziwazi bila kuzifunika kwa bei. Mwisho, akifika mahali ambapo ujuzi wake waishia, aseme waishia hapo. Neno sijui si aibu kinywani mwa shahidi. Ni muhuri uonyeshao kwamba maneno yake mengine yametoka katika kujua.

Na mwulizaji naye ana wajibu wake, maana ujinga wa kusikia una hatia kama ujinga wa kusema. Asihesabu sauti tu, kama kwamba watu mia wakisema jambo huwa kweli mara mia. Aulize ni nani ambaye hakusema, na kwa nini. Aliyeiuza bunduki yake kwa hasira hayupo katika baraza la wenye bunduki. Aliyeumia huenda hayupo. Mnyama hayupo kamwe. Baraza likikutana bila ya hao, maamuzi yake ni ya upande mmoja, hata kama wote waliohudhuria ni watu wema.

Sasa twaweza kuzipatanisha methali zetu mbili, wala hazina haja ya kugombana tena. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: kwa hiyo mwendee aliyekilalia, umsikilize kwa heshima, kwa kuwa ana ujuzi usioupata dukani. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake: kwa hiyo usimwendee mmoja tu, wala usimsikilize bila kutazama mikono yake inavuta wapi. Ya kwanza yamhusu mwenye kitu kwa yale aliyoyaona. Ya pili yamhusu kwa yale ayatakayo. Mwanadamu huyo mmoja ana macho na ana matakwa, na hekima ni kujua wakati gani asemaye ni jicho, na wakati gani asemaye ni tamaa.

Msomaji, wewe huenda usiishike bunduki hata siku moja. Lakini utaulizwa. Mwenzako atakuuliza habari za dawa uliyotumia, za dereva aliyekupeleka safari, za chombo cha umeme ulichonunua kwa bei ndogo, za shule uliyosoma. Utakuwa na hamu ya kukisifu kilicho chako, na hamu hiyo si ovu. Kabla hujasema kwamba kwa bei hii umeridhika, simama kidogo ujiulize kasoro uliyoisamehe ilikuwa deni la nani. Ikiwa ni lako, cheka, usamehe, usifu upendavyo. Ikiwa ni la mwingine, itaje, ijapokuwa kwa kuitaja wajulikana ulinunua vibaya. Haya ya mnunuzi hupita kwa siku moja. Jeraha la yule aliyeliamini neno lako halina bei ya kupunguziwa.